Nani anaruhusiwa kuitwa mwalimu? Sharti lililohama kutoka Mpala hadi SECOPE

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, mtu hahitaji kuuliza. Barabarani Bukavu, Uvira ao Kalemie anaona vijana weupe kwa poda, toka kichwani mpaka mabegani, wengine wanalia, wengine wamembeba mwenzao. Kwa finalisti wa biashara ao wa biolojia na kemia, diplome ile ni mlango wa universite. Kwa finalisti wa seksyo ya pedagojia ni zaidi ya hapo: tangu siku hiyo ana haki ya kusimama mbele ya watoto wa shule ya msingi na kuitwa mwalimu.

Kuna inchi zenye mtihani wa pekee kwa ajili ya walimu, mtihani ambao mtu anaufanya akiisha kumaliza masomo yake. Kongo ilichukua njia yake. Mtihani wa Serikali wa mwisho wa umanite, ule ule wanaofanya wanafunzi wa seksyo zote, ndio unaomtoa mwalimu wa msingi. Akipata asilimia 50 ao zaidi, yeye ni D6, maana yake diplome ya miaka sita kisha shule ya msingi.

Lakini walimu wengi wenye D6 wamekaa miaka na miaka mbele ya ubao bila kupokea hata franka moja kutoka Serikali. Wamesoma, wamefaulu, wanafundisha kila siku, na bado kuna ofisi ambamo hawajulikani. Ili kuelewa jambo hilo inafaa kurudi nyuma kabisa, pembeni ya ziwa Tanganyika.

Mpala iko kusini ya Kalemie. Mwaka wa 1885 Mapadri Weupe waliipokea kutoka Shirika la Kimataifa la Afrika, lile la mfalme Leopold II. Hapo Mpala, na baadaye Kirungu ambayo Wabelgiji waliiita Baudouinville na leo iko Moba, walifundishwa wakatekista. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili: kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na katekisimu sana. Mmoja wa wanafunzi wa Mpala, Stefano Kaoze, alisonga mbele mpaka akawa padri wa kwanza Mkongomani, mwaka wa 1917. Wengi wa wenzake hawakufika huko. Walirudishwa vijijini kufundisha wengine, na jina walilopewa na watu ni mwalimu. Hata leo kuna wazee ambao ukiwaambia mwalimu, kwanza wanaelewa katekista.

Sharti la wakati ule lilikuwa gani? Hakukuwa mtihani. Kulikuwa neno la padri. Kijana awe amebatizwa, awe na ndoa ya kanisa, awe na mke mmoja, asiwe mlevi. Akioa mke wa pili, kazi imekwisha, hata kama watoto wake wa shule walikuwa wanasoma vizuri kupita wa jirani. Kwa Waprotestanti mambo hayakuwa tofauti sana. Mwalimu alipimwa kwa maisha yake mbele ya kupimwa kwa elimu yake.

Serikali ya Leopold ilikubali mambo yaende hivyo. Mapatano yaliyotiwa sahihi na Vatikani tarehe 26 mwezi wa 5 mwaka wa 1906 yaliahidi kila misheni ya Kikatoliki udongo wa hektari 100 ao 200, kwa sharti ifungue shule. Mapatano yaliongea juu ya kilimo, kazi za mikono na lugha za Ubelgiji. Kumchagua mwalimu kulibaki mikononi mwa misheni.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1920. Waziri wa makoloni, Louis Franck, aliweka tume ya kutazama mashule, na kazi yake ikazaa mpango wa 1925, kisha kanuni za 1929 ambazo watu walizijua kwa jalada lake la manjano. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza miaka ya kukaa darasani ilihesabiwa kwa yule anayetaka kufundisha: miaka miwili ya daraja la kwanza, mitatu ya daraja la pili, kisha mitatu ya ekole normale. Serikali ilitoa pesa za kusaidia, na ili pesa zitoke, ilitaka kujua nani ana karatasi na nani hana. Monitere mwenye diplome akatengwa na monitere asiye na diplome. Lakini ukaguzi wa mashule hayo ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wamisionere wenyewe, kwa hiyo neno la padri halikupotea; lilivaa tu nguo ya Serikali.

Hapa Kivu kanuni hizo zilikuwa na kasoro moja ambayo haisemwi sana. Pesa zilikuwa za misheni za «kitaifa», maana yake za Wabelgiji, na karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Wapentekoste wa Norvège kule Kaziba na wale wa Suède kule Lemera, waliofika katika miaka ya 1920, hawakuhesabiwa. Kijana wa Kaziba aliyefundishwa ualimu na wamisionere wake angeweza kuwa na akili sawa na mwenzake aliyesoma kwa mapadri. Lakini shule yake haikupata msaada, na karatasi yake haikuwa na uzito ule mbele ya bwana mkubwa wa teritware. Sharti lililosemwa kuwa la elimu lilikuwa kwa kweli sharti la kanisa. Ilibidi kungoja kisha vita vya pili vya dunia: uamuzi ulikatwa mwaka wa 1946, na tangu 1948 misheni za Kiprotestanti zikaanza kupata msaada wa Serikali. Miaka karibu ishirini ilikuwa imepita. Wazee wa Kiprotestanti waliofundisha katika miaka hiyo walizeeka bila kutambuliwa.

Mpango mpya wa 1948 ulipanua ngazi. Kulikuwa shule za miaka miwili, zilizoitwa EAP, kwa wale wa kufundisha watoto wadogo, na shule za monitere za miaka minne kwa wale waliochaguliwa. Nyangezi, kwa Wafrère Maristes, ni mojawapo ya mahali ambapo wengi wa Kivu walipita. Wasichana walifunguliwa mlango polepole sana. Wengi wao bado walipelekwa kujifunza kushona na kupika. Na hata kwa mvulana hodari, diplome ya monitere ilikuwa na dari. Ilimpa mshahara, viatu na heshima kijijini, lakini haikumfikisha universite. Lovanium ilipofunguliwa mwaka wa 1954, monitere hakuwa na njia ya kuingia.

Kisha uhuru ukaja, na walimu wengi wa Ubelgiji wakaondoka. Mashule ya sekondari yalibaki matupu. UNESCO ilituma watu, na kati yao kulikuwa Wahaiti wengi, kwa sababu walijua Kifaransa na hawakuwa wakoloni. Mwaka wa 1961 Institut Pédagogique National ikafunguliwa Léopoldville ili Wakongomani wenyewe watayarishwe kufundisha sekondari. Mashule ya ISP, pamoja na ile ya Bukavu, yalifuata njia hiyo. Wakati huo huo masomo ya sekondari yalipangwa upya, na hapo yakatokea yale majina mawili ambayo kila mzazi wa Kongo anayajua: D4, aliyesoma miaka minne kisha shule ya msingi, na D6, aliyesoma sita.

Ni ajabu kidogo. Sharti lilipandishwa wakati ambapo walimu walikuwa wachache kuliko wakati wowote. Kwenye karatasi inchi ilitaka D6. Darasani ilimkubali D4, na kijijini ilimkubali hata yule wa EAP, ao aliyeshindwa katikati ya sekondari. Desturi hiyo ya kuandika moja na kufanya lingine haikuanza leo.

Mtihani wenyewe ulikuja na mwaka wa masomo wa 1966-1967. Mbele ya hapo, kila shule iliwapima wanafunzi wake na kuwapa karatasi yake, na karatasi ya shule moja haikuwa na uzito sawa na ya shule nyingine. Exetat ilikuja na maulizo yanayotoka Kinshasa, siku moja kwa inchi nzima. Kwa mtoto wa shule ya Kiprotestanti ya milimani hiyo ilikuwa haki ambayo baba yake hakuipata: mtu anayesahihisha hajui mwanafunzi anasali wapi.

Ili kuingia mtihanini inabidi mwanafunzi awe ameandikishwa katika shule inayotambuliwa, awe amesoma miaka miwili ya mwisho katika seksyo ile ile na awe na bulletins za kuhakikisha, halafu alipe pesa za kushiriki. Aliyesoma peke yake, otodidakti, naye anaweza, lakini anapita kwanza mtihani wa insha. Kwa seksyo ya pedagojia kuna jambo moja zaidi: kufundisha. Mwanafunzi anafanya staji katika shule ya msingi, anaandika fishi za masomo, anasimama mbele ya watoto huku mwalimu wake amekaa nyuma na kalamu, na mwishoni kuna juri. Kisha zinafuata siku za maulizo ya kuchagua jibu, sawa na wengine wote.

Hapo kuna udhaifu ambao walimu wakongwe wanausema wao wenyewe. Maulizo ya kuchagua jibu hayaonyeshi kama mtu anaweza kumfundisha mtoto kusoma. Staji inaonyesha, lakini staji inategemea shule. Kuna shule ambamo inafuatwa kwa ukali, na kuna shule ambamo daftari la fishi linanakiliwa kutoka kwa kaka wa mwaka uliopita. Tena diplome ile ile inafungua mlango wa sheria, wa udaktari na wa ekonomia. Waliofaulu sana mara nyingi wanaondoka. Wanaobaki darasani wengine wamebaki kwa wito, wengine kwa sababu baba hakuwa na pesa za universite.

Kwa sekondari sharti ni lingine: gradiye ao lisansiye, mara nyingi kutoka ISP. Mbali na miji, D6 anafundisha huko pia, na prefe anashukuru kumpata.

Miaka ya Zaïre ilileta mambo mawili makubwa. La kwanza: Mobutu alinyang'anya makanisa mashule katika miaka ya 1970, kisha akayarudisha kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka wa 1977. Tangu hapo kanisa linasimamia, Serikali inalipa. Mwalimu akawa na wakubwa wawili, na hapa na pale barua ya paroko ao ya mchungaji ikarudi kimyakimya ndani ya farde, pembeni ya diplome.

La pili ni SECOPE, ofisi ya kuhesabu na kulipa walimu, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980. Serikali ilikuwa na shaka na hesabu ya walimu wake: kulikuwa majina yanayopokea mshahara bila mtu nyuma yake. Basi kila mwalimu apewe matrikile. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini tangu siku hiyo sharti la mwisho la ualimu halikuwa tena kitu ambacho mtu anaweza kukifikia kwa kusoma. Ni nambari, na nambari inatoka mbali.

Mwanzo wa miaka ya 1990, pesa ya Zaïre ilipoanguka na migomo kufunga mashule, wazazi walikubali kuwalipa walimu wenyewe. Ndiyo ile prime. Iliokoa mashule, na ilifanya pia shule iweze kuishi bila Serikali. Mashule yakaongezeka, walimu wakaongezeka, wengi wakiwa D6 halali kabisa lakini nje ya listi. Ndio walioitwa N.U., wa mashule mapya ambayo SECOPE ilikuwa haijaingiza, na N.P., wa mashule yanayojulikana lakini wao wenyewe hawalipwi.

Katiba ya 2006, kwa kifungu chake cha 43, ilisema shule ya msingi ya Serikali ni bure. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014 ikarudia. Lakini ni mwezi wa 9 mwaka wa 2019 ambapo rais Félix Tshisekedi alianza kuitumikisha kweli. Watoto walifurika, madarasa yakajaa mpaka mlangoni. Wazazi walipumua. Kwa mwalimu mwenye matrikile, mambo yalisogea kidogo. Kwa N.U., prime ya wazazi ilikatwa siku ile ile, na mshahara wa Serikali haukuja kuchukua nafasi yake. Wengi waliingizwa kwenye listi katika miaka iliyofuata. Wengi walibaki nje. Mwezi wa 10 mwaka wa 2021, wakati wa mgomo, wanafunzi wa Kinshasa waliingia mpaka ndani ya Palais du Peuple kuwaomba wabunge wawarudishie walimu wao.

Farde ya mwalimu N.U. inafanana karibu kila mahali. Kuna diplome, ao atestasyo yake kwa sababu diplome yenyewe haijatoka Kinshasa. Kuna barua ya kupangwa kazini, na ile ya kuanza kazi yenye muhuri wa direktere. Kuna nakala za listi alizoandikwa, mwaka kwa mwaka, na juu ya kila moja kuna tarehe ya siku ilipopokelewa ofisini. Saa moja na nusu asubuhi anaiacha nyumbani, anaenda kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza kuandika a, e, i, o, u.