Bawa zito: kutoka Gipsy Moth hadi ndege ya kujengea nyumbani

Leo naweka kompyuta kando (kidogo tu).

Rafiki yangu hapa Kisumu ameshikwa na homa ya kujijengea ndege, aina ya RV-6 ya Marekani. Tumebishana juu ya trimu ya aileroni, yaani kifaa cha kuzuia ndege isilalie upande bila rubani kuishikilia. Yeye asema ni anasa, wazee waliruka bila hiyo.

Ni kweli waliruka. Imperial Airways ilifikisha njia yake ziwani mwaka 1931, mashua za kuruka za Short Calcutta zikitua hapa Kisumu. Kule Nairobi, Bi Florence Kerr Wilson alikuwa ameshaanzisha Wilson Airways mwaka 1929 akitumia Gipsy Moth. Moth haikuwa na trimu hiyo, na kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 265, saa mbili hivi kwa mwendo wake, tena juu ya milima ya Mau. Hebu jaribu kusukuma fimbo upande mmoja saa mbili.

Lakini itazame Moth yenyewe. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Tangi la petroli liko katikati ya bawa la juu. Abiria awe mnene au asiwepo kabisa, petroli ijae au iishe, uzito unabaki kwenye mstari wa kati. Kinachobaki ni bawa lililopinda kidogo tu, na hilo fundi alilitibu chini kwa kukaza au kulegeza nyaya za mabawa. Ruka, tua, kaza, ruka tena. Sisi wa programu tungesema thamani imeandikwa ndani ya kodi: ukitaka kuibadilisha, unakompaili upya.

RV-6 ni mnyama mwingine. Watu wanakaa bega kwa bega, na kila bawa lina tangi lake la galoni 19 za Marekani, karibu lita 72. Hiyo ni kilo 52 hivi za petroli, na injini hunywa tangi moja kwa wakati. Ukiruka peke yako umekaa kushoto, huku tangi la kulia likiisha, kosa linakua ukiwa angani. Nyaya za fundi zingekusaidia nini hapo?

Njia ya bei nafuu ni kibati kwenye ukingo wa nyuma wa aileroni. Kikunje juu upande wa kushoto, hewa itaisukuma aileroni chini na bawa la kushoto litapanda. Kizuri, ila unakikunja ukiwa ardhini, kama faili la mipangilio linalosomwa programu inapowaka. Halafu kuna kibati kinachosukumwa na sevo ya umeme, na kuna springi mbili zinazovuta fimbo, ukizirekebisha kwa wenzo mdogo pembeni ya kiti.

Mimi nachagua springi. Hazina waya wa kukatika wala swichi ya kunasa, na zikikosea mkono wako unazishinda. Sevo ikikwama mwisho wa njia yake pia utaishinda, ila utaishikilia hadi utue.

Rafiki yangu amekubali hesabu ya matangi. Bado anataka sevo, kwa sababu ina kitufe.