Tanzania: Maji magumu ya bomba mjini Dodoma na athari zake majumbani

Msafiri anayetoka Kigali au Bujumbura kwa barabara kuelekea Dar es Salaam hupita Dodoma, na akilala huko usiku mmoja hukutana na jambo lisilomtokea kwao: anapaka sabuni mwilini, povu halitoki. Asubuhi chai yake ina utando juu. Si kwamba sabuni ni mbovu wala majani ya chai yameharibika. Maji ya mji huo ni magumu.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania mwaka 1973, na tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huko, wakazi wake wameongezeka kwa kasi. Mji huo hauna mto mkubwa wala ziwa karibu. Kwa miongo mingi umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya kina cha maji katika bonde hilo, vilivyoanza katikati ya miaka ya 1950, vimewaonyesha watafiti kwamba akiba ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998.

Ugumu hutoka wapi

Maji ya mvua yakidondoka huwa laini. Yanapopenya katika udongo huchukua hewa ya ukaa na kuwa na asidi kidogo. Asidi hiyo huyeyusha kalisi na magnesi zilizomo katika miamba. Kadiri maji yanavyokaa ardhini, ndivyo yanavyobeba madini mengi zaidi. Wataalamu huyaita laini maji yenye chini ya miligramu 60 za kalisi kaboneti kwa lita, na magumu sana yanapozidi 180.

Ugumu si sawa na chumvi. Maji yenye ladha ya chumvi yana sodiamu na kloridi. Mara nyingi visima vya nyanda kavu huwa na vyote viwili, ndiyo maana watu huvichanganya kwa kusema tu kwamba "maji yana chumvi".

Gharama ndani ya nyumba

Hasara ya kwanza ni sabuni. Kalisi hushikamana na sabuni ya kipande na kufanya uchafu mweupe usioyeyuka, hivyo sehemu ya sabuni hupotea kabla ya kufua chochote. Nguo nyeupe hugeuka kijivu na taulo hukakamaa. Sabuni nyingi za unga huathirika kidogo zaidi, kwa kuwa zimewekewa viungo vya kulainisha maji.

Hasara ya pili ni nishati. Maji yakichemka, sehemu ya madini hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe ndani ya sufuria, birika na hita. Ukoko huo huzuia joto kupita, kwa hiyo mkaa, gesi au umeme mwingi zaidi hutumika, na koili ya hita huungua mapema. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ukoko huanza kuwa tatizo katika mabomba na matangi ugumu unapozidi takriban miligramu 200 kwa lita.

Hasara ya tatu ipo jikoni. Kalisi hukaza maganda ya maharage, nayo huchelewa kuiva. Ndiyo sababu wapishi hutia magadi: huondoa kalisi majini na kulainisha maganda. Hata hivyo, magadi yakizidi huharibu ladha na kupunguza vitamini.

Je, yanadhuru afya?

Shirika hilo halijaweka kiwango cha juu cha ugumu kwa sababu za kiafya, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ugumu wenyewe unadhuru. Kalisi na magnesi ni madini ambayo mwili unayahitaji. Baadhi ya watu hulalamikia ngozi kukauka, hasa kwa sababu ya mabaki ya sabuni yasiyosuuzika vizuri.

Jambo la kuogopa ni kudhani kwamba kuchemsha hutibu kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu na kupunguza sehemu ya ugumu, lakini hakuondoi chumvi, naitreti wala floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi kukolea. Shabu huzamisha tope na klorini huua vijidudu, lakini hakuna kati ya hivyo kinachoondoa ugumu.

Linalowezekana kufanywa

Ili kupima bila mtambo, tia kiasi sawa cha maji ya bomba na ya mvua katika chupa mbili, ongeza matone yanayolingana ya maji ya sabuni ya kipande, kisha tikisa. Chupa yenye povu hafifu ina maji magumu zaidi.

Ukoko huyeyuka ukilowekwa kwa siki au maji ya ndimu. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Msaada mkubwa zaidi ni mvua. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 50 za mraba, hata tukitoa moja ya tano inayopotea, linaweza kukusanya lita 22,000. Kizuizi ni tangi: familia isiyo na pahali pa kuyahifadhi huyaona maji laini yakipita mlangoni, kisha hurudi kununua sabuni zaidi.