Ulishikwa umelewa Lamu? Hivi ndivyo good conduct yako inavyoweza kuingia doa

Lamu ni mji wa Waislamu na mabaa ni ya kuhesabu, lakini tusidanganyane, watu wanakunywa. Kuna wale wa mahoteli ya watalii, kuna wale wa mangwe na tembo lao la mnazi, na ukivuka bara kuna Mokowe na Mpeketoni. Mambo huwa poa mpaka ule usiku karao wanapita na wewe uko barabarani unapiga kelele.

Miezi sita baadaye KDF wanaandikisha. Ama kuna kazi bandarini, ile ya LAPSSET iliyofunguliwa Mei 2021. Ama ajenti amekupatia nafasi Oman. Wote hao wanataka kujua kama uko safi, na karatasi ya kuonyesha hivyo ni ile moja tu: cheti cha polisi, yaani good conduct.

DCI hawaulizi majirani zako kama wewe ni mlevi. Wanachukua alama za vidole vyako na kuzilinganisha na zile walizo nazo kwenye rekodi. Kwa hivyo usiulize "nilishikwa?" Jiulize vidole vyako vilichukuliwa ama hapana, na kesi iliishaje. Kulala seli usiku mmoja si hatia. Hatia inatoka kwa hakimu.

Na hapa ndipo wasee wengi wanajimaliza. Kosa la kulewa na kuleta fujo hadharani liko kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, kifungu cha 33. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500, ama kifungo kisichozidi miezi 3, ama vyote viwili. Sasa wewe umelala kwa simiti, mbu wamekumaliza, mama anangoja nje ya Korti ya Lamu na aibu yote ya mtaa. Karani anasoma shtaka, wewe unasema "ni kweli" ndio yaishe, unalipa hizo soo tano, unaenda kula mahamri. Kumbe umekubali hatia! Na ukishakubali mwenyewe, sheria ya kesi za jinai, kifungu cha 348, haikuruhusu kukata rufaa kupinga hiyo hatia. Unaweza kulalamikia adhabu tu.

Sisemi udanganye korti. Kama ulifanya, ulifanya. Lakini kuna msee alikuwa ametoka mangwe anatembea zake pole pole, hajamsumbua mtu, na bado anasema "ni kweli" juu amechoka. Katiba inakupa haki ya kuelezwa shtaka vizuri na kupewa mkalimani bure kama lugha ya korti huielewi. Tena kipengele cha 49 kinasema usiwekwe rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi 6. Kwa hivyo ukikana shtaka hili, hiyo peke yake haifai kukupeleka rumande.

Kitu kingine: dhamana si faini. Ukilipa dhamana pale stesheni, unapewa risiti na tarehe ya korti. Wengi wanarudi Shela wakidhani imeisha, hawaendi, na hakimu anatoa waranti. Sasa umeongeza shida juu ya shida. (Na ukimpa karao kitu kidogo ili asahau, hilo ni kosa lingine, zito kuliko ulevi wenyewe.)

Kisiwani usafiri ni punda na boti, lakini bodaboda zimeingia na bara kuna barabara. Kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kudhibiti gari ama pikipiki ni level nyingine: faini hadi shilingi 100,000 ama miaka 2 ndani, ama vyote. Mwajiri anayetafuta dereva akiona hiyo, sidhani atakupigia.

Cheki tofauti. Pale kambi ya Manda kuna wanajeshi wa Marekani. Mmarekani anayetaka kibali cha siri za serikali yao anapimwa kwa mwongozo ambao una sehemu nzima ya pombe. Ukiwa na historia ya ulevi, wanaangalia pia muda uliopita, kama ulipata matibabu, kama umebadilika. Good conduct haina hayo maneno. Inaonyesha kilichopatikana kwa rekodi, halafu mwajiri anaamua mwenyewe, ukiwa haupo kujitetea.

Kama ulishtakiwa na korti ikakuachilia, omba nakala ya uamuzi na uiweke salama, ndio uwe na kitu cha kuonyesha DCI kama jina lako bado linasoma vibaya. Kama ulipatikana na hatia baada ya kukana, una siku 14 za kukata rufaa.

Na usingoje tangazo la kazi ndio ujue uko wapi. Ingia eCitizen, lipa shilingi 1,050, print fomu ya C24 mbele na nyuma kwa karatasi moja, upeleke vidole.