Miji yetu miwili: Butembo na Beni zilivyojengwa

Katika kitabu cha yubile tumezoea kuhesabu ubatizo, ndoa na mapadri waliotutumikia. Sisi makatekista tumeona vema kuongeza habari ya miji ambamo parokia zetu zimesimama, maana asiyejua jinsi mji wake ulivyojengwa hawezi kuutunza.

Beni ndiyo kubwa kwa umri. Ilikuwa kituo cha serkali tangu wakati wa mfalme Leopold II, kwanza karibu na mto Semliki. Butembo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920, kama makao ya kampuni ya madini MGL. Basi mmoja ulizaliwa na serkali, mwingine na madini. Upande wa mashariki ilikuwako mbuga ya Albert, iliyoundwa mwaka wa 1925, ambayo leo twaiita Virunga. Mipaka yake ilifunga sehemu ya bonde. Milima ya Lubero ikajaa watu, na wengi wakashuka kutafuta shamba au kazi.

Vita ya 1939-1945 ilipokwisha, mataifa yalianza kupanga miji kabla ya kuijenga. Uingereza ilitoa sheria ya miji mipya mwaka wa 1946, na Stevenage ukawa wa kwanza. Wabelji nao walileta katika Kongo Mpango wa Miaka Kumi, 1949-1959. Mwaka wa 1952 waliunda OCA, ofisi ya kujenga makao ya Waafrika. Kwa mkono wake zilitoka Matete, Lemba na Bandalungwa kule Léopoldville, na Bagira kule Bukavu. Njia zilichorwa kwanza, kisha watu wakaingia. Lakini OCA ilishika miji mikubwa tu. Butembo haikuwa katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo Butembo ilijijenga yenyewe. Baada ya uhuru wa 1960, wafanyabiashara wetu waliuza kahawa, dhahabu na mazao ya milima, na faida wakaigeuza kuwa matofali na manjanja. Mji uliishi miaka mingi pasipo umeme wa SNEL, wala haukungoja. Monsinyori Emmanuel Kataliko, Askofu wetu tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu washike jembe na kutengeneza barabara kwa kazi ya pamoja, salongo. Mwaka wa 1989 kilizaliwa pia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Hii ni sifa kubwa ya wazee wetu, nasi tunawashukuru.

Hata hivyo tuseme ukweli: jembe hufungua njia, lakini halionyeshi njia ipite wapi. Kila mmoja alinunua parsele na kujenga alipoweza. Kilima kikakatwa, miti ikang'olewa, chemchemi ikazungukwa na nyumba. Mvua ikinyesha, maji hayana mfereji. Huchimba barabara ile ile tuliyoitengeneza kwa jasho. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka wa 2003 serkali iligawa kila mji katika komini nne: Butembo ina Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, Beni ina Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Lakini mpaka wa komini haujengi shule wala soko. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu vijijini, nao wamekimbilia miji hii miwili. Kartye mpya zinaota kila upande, kama baada ya kila vita. Hao ndio wanaopewa sehemu mbaya zaidi: mteremko na bonde la maji.

Ndugu wapenzi, wazee wetu walijenga pasipo plani kwa sababu hawakupewa. Sisi tunao wapimaji na wasomi tuliowafundisha wenyewe. Kabla parsele ya mwisho ya kartye haijauzwa, wenye shamba, wakubwa wa mji na wakristu wote wakae pamoja, watenge mahali pa barabara, pa maji, pa shule na pa kuzikia wafu. Salongo ianze hapo, kabla ya jembe la kwanza.