Foleni ya Hospitali Haianzi Mlangoni

Leo tuweke kando habari za simu mpya tuzungumze kuhusu foleni, hasa ile mbaya kuliko zote: foleni ya kitengo cha dharura hospitalini. Machela kwenye korido, watu wameketi sakafuni, muuguzi mmoja anaitwa na watu kumi kwa mpigo. Sisi watu wa tarakilishi tukiona hali hiyo, wazo linalotujia ni lile lile: tutengeneze programu ya kugawa nambari mlangoni, tutume SMS, kazi kwisha. Lakini ukifuata historia ya hesabu za foleni utaona kwamba mlangoni ndipo mahali pa mwisho pa kutafuta tatizo. Na historia yenyewe inaanzia kwenye kampuni ya simu.

Mwaka 1908 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Enzi hizo ukitaka kumpigia mtu, opareta ndiye aliyekuunganisha kwa mkono wake. Swali la kampuni lilikuwa la pesa: tuweke laini ngapi na opareta wangapi? Wakiwa wachache wateja wanangoja, wakiwa wengi unalipa watu wa kukaa bure. Erlang alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu suala hili mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria uwezekano wa mpigaji simu kukosa laini au kungojeshwa. (Wenzangu wa programu, naam, ni huyo huyo. Lugha ya Erlang, iliyozaliwa Ericsson miaka ya 1980, inabeba jina lake, na WhatsApp ilijengwa kwa lugha hiyo.)

Jambo kubwa katika hesabu za Erlang na waliomfuata ni kwamba foleni haikui polepole kadiri kazi inavyoongezeka. Chukua karani mmoja anayemhudumia kila mtu kwa wastani wa dakika 5, watu wanafika bila mpangilio, na wengine wana shida ndefu kuliko wenzao. Karani akiwa na shughuli asilimia 50 ya muda wake, anayefika atangoja wastani wa dakika 5. Akifika asilimia 80, ni dakika 20. Asilimia 90, dakika 45. Asilimia 95, dakika 95! Karani ni yule yule na kasi yake ni ile ile. Ule muda mchache anaoonekana amekaa tu ndio unaomeza watu wanapokuja kwa kishindo. Mkubwa wa kazi anayejisifu kwamba kwake hakuna kiti wala mtu anayekaa bure huwa hajaiona hesabu hii, na wakubwa wa aina hiyo ni wengi.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyingine, fupi kiasi kwamba unaweza kuiandika kwenye kiganja: idadi ya watu walio ndani ni kasi ya kufika kuzidisha muda wanaokaa. Wagonjwa 10 wakifika kila saa na kila mmoja akikaa saa 4, ndani mna wagonjwa 40. Wakianza kukaa saa 6, ndani mna 60. Mlangoni hakuna hata mmoja aliyeongezeka, lakini korido imejaa. Kwa hiyo badala ya kuuliza kwa nini wanakuja wengi, lazima pia tuulize kwa nini hawatoki.

Katika hospitali nyingi za Uingereza na Marekani jibu lilikuwa kitanda. Mgonjwa ameshaonwa, daktari ameshaamua alazwe, lakini wodi imejaa. Basi anabaki pale pale kwenye machela ya kitengo cha dharura, saa baada ya saa, na anayeletwa na ambulensi hana pa kuwekwa.

Mwaka 1999 watafiti watatu kutoka York, Uingereza, walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya hospitali waliyoijenga ndani ya tarakilishi. Waliingiza wagonjwa wa dharura bila mpangilio, kama wanavyokuja kweli, wakahesabu siku ambazo vitanda viliisha. Wastani wa vitanda vilivyokaliwa ulipopita asilimia 85 hivi, hatari ilianza kuonekana. Ulipofika asilimia 90 au zaidi, uhaba wa vitanda ukawa jambo la kawaida. Ile 85 ikageuka nambari maarufu kwa wasimamizi wa hospitali duniani, nami sipendi ilivyotumiwa kama amri ya mbinguni. Hesabu za Erlang zenyewe zinaonyesha kwamba hospitali kubwa inaweza kujaa zaidi kuliko ndogo bila kukwama. Zahanati yenye vitanda 10 ikijaa asilimia 85 iko pabaya zaidi kuliko hospitali yenye vitanda 800.

Marekani nayo ilikuwa ikielekea kule kule kwa miguu yake. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 ilieleza kwamba kati ya 1993 na 2003 ziara katika vitengo vya dharura zilipanda kutoka milioni 90 hivi hadi milioni 114 kwa mwaka. Katika kipindi hicho hicho vitengo vya dharura vilipungua kwa 425, na vitanda vya hospitali kwa 198,000.

Sasa njoo Boston, sehemu ninayoipenda zaidi. Eugene Litvak, mtaalamu wa hesabu za uendeshaji aliyetoka Umoja wa Kisovieti, aliangalia kinachovijaza vitanda. Kila mtu alidhani ni dharura, kwa sababu ajali haina ratiba. Data ikasema kinyume. Dharura, ukizijumlisha, zinatabirika vizuri tu. Kilichopanda na kushuka vibaya zaidi ni upasuaji uliopangwa, ule ambao binadamu mwenyewe ameuandika kwenye kalenda! Madaktari wa upasuaji walirundika kazi siku fulani za wiki, vitanda vikajaa, na aliyevunjika mguu akalala korido. Boston Medical Center ilipoisambaza ratiba hiyo, miaka ya mwanzo ya 2000, upasuaji kuahirishwa kwa kukosa nafasi ulipungua sana. Hakuna seva mpya iliyohitajika. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi madaktari wabadilishe siku zao.

England ilichukua njia nyingine. Mpango wa serikali wa mwaka 2000 ulitaka, kufikia 2004, mgonjwa asikae kitengo cha dharura zaidi ya saa 4. Baadaye kiwango kikawa asilimia 98 ya wagonjwa, na 2010 kikashushwa hadi 95. Kungoja kulipungua kweli, tusiwanyime haki yao. Lakini mwaka 2005 watafiti wawili, Locker na Mason, walichora muda wa kila mgonjwa kwenye grafu, na wakakuta mlima mkali katika dakika 20 za mwisho kabla ya saa 4 kugonga. Ugonjwa haujui saa. Wafanyakazi waliokuwa wakihesabiwa ndio waliokuwa wakiitazama. Ukitengeneza mfumo wa kuripoti unaoonyesha wastani peke yake, mlima kama huo hutauona kamwe. Kile kiwango cha 95 kilifikiwa England kwa mara ya mwisho Julai 2015.

Kama unadhani haya ni mambo ya starehe tu, soma utafiti wa hospitali moja ya Canberra, Australia, wa mwaka 2006. Mtafiti alilinganisha zamu zilizojaa na zile zisizojaa, kwa data ambayo hospitali ilikuwa nayo tayari. Waliofika wakati wa msongamano walikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 10 kubwa kwa takriban asilimia 34: vifo 144 dhidi ya 101.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiitwa na hospitali uwatengenezee programu ya nambari za foleni, kwanza waombe nyakati nne kwa kila mgonjwa: alipofika, alipoonwa na daktari, daktari alipoamua alazwe, na alipoondoka kwenda wodini. Daftari la kalamu linatosha kuanzia. Toa wakati wa tatu kwenye wa nne. Ukikuta saa nyingi zimelala hapo, skrini ya nambari mlangoni haitampunguzia mgonjwa hata dakika moja, na mkutano wako unaofuata ni na mwenye ratiba ya chumba cha upasuaji.