Baiskeli, Bati na Kazi ya Pamoja Ukanda wa Ziwa

Katika vijiji vya Usukuma, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, kujenga nyumba hakukuwa shughuli ya mwenye nyumba peke yake. Vijana wa kijiji walikuwa na kikundi chao cha kazi, elika, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Kikundi hicho kilijulikana zaidi kwa kilimo, kwa majembe yaliyopanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma, lakini kiliitwa popote mikono ya ukoo mmoja ilipopungua. Msonge, yaani nyumba ya mviringo, ulitaka miti ya kukatwa porini, fito, kamba, maji ya kukandia udongo na matita ya nyasi za kuezekea, na vyote hivyo vilitakiwa kuwa tayari kabla ya masika.

Aliyesaidiwa aliwalisha waliokuja, akawapikia pombe au akawachinjia mbuzi, na zamu ya mwenzake ilipofika naye alitakiwa kuonekana. Huo haukuwa ufadhili. Lilikuwa deni ambalo kila mtu aliliweka kwa jirani akijua atalidai siku moja, na ndiyo maana lilidumu.

Pamba ilibadilisha mambo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na zao hilo likapata njia ya kwenda bandarini Dar es Salaam. Mkulima aliyeuza vizuri alinunua ng'ombe kwanza, kama walivyofanya babu zake, kisha vitu viwili vilivyomtambulisha mbele ya watu: baiskeli na bati. Mara nyingi cha kwanza ndicho kilichokileta cha pili nyumbani. Mabati yalifungwa ubavuni mwa fremu kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na mwenye mali akaikokota baiskeli kwa miguu kutoka mjini, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukizuia bati lisimkate. Nyumba ya pembe nne yenye paa la bati ilihitaji fundi wa kulipwa. Kazi ya matofali, maji na udongo ikabaki kwa majirani.

Pamba hiyo hiyo iliwafundisha wakulima kuungana kwa jambo kubwa kuliko nyumba. Malalamiko dhidi ya mizani ya wanunuzi yalizaa vyama vya wakulima, na chini ya Paul Bomani vyama hivyo viliunda mwaka 1955 shirikisho la ushirika la Victoria, lililokuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekipiga marufuku chama cha kudai uhuru, TANU, katika Jimbo la Ziwa tangu 1954, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1958. Katika miaka hiyo chama cha ushirika kilikuwa mahali ambapo watu wangeweza kukutana na kupanga mambo yao.

Desturi ya kusafiri mwendo mrefu kwa ajili ya jambo la umma ilipata sura yake mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, vijana walitembea kutoka mikoa mbalimbali kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akielekea Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Rais, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka kijijini kwake Butiama hadi Mwanza, siku nane na zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU.

Kujitolea kulifanywa wajibu wa taifa: shule, zahanati na barabara zilijengwa kwa nguvu za wananchi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja. Kuanzia 1974 familia nyingi za mikoa ya Mwanza na Shinyanga zilihamishwa, baadhi zikiacha nyumba nzuri na kuanza upya kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mistari. Hapo kazi ya pamoja iliumia, kwa sababu kilichokuwa deni la hiari kati ya majirani kiligeuzwa amri. Mwaka 1976 hata vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudi miaka ya 1980.

Baiskeli ilivuka misukosuko hiyo yote. Baiskeli ya Swala iliyotengenezwa nchini ilibeba magunia, wagonjwa na wanafunzi, na kabla ya bodaboda kuenea, waendesha baiskeli ndio waliopakia abiria katika miji mingi ya Kanda ya Ziwa.

Katika miaka ya karibuni safari ndefu na kazi ya hisani zimekutana tena katika msafara wa Twende Butiama. Waendesha baiskeli huondoka Dar es Salaam, hukata zaidi ya kilomita 1,000 na kuwasili Butiama kwa kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu, Oktoba 14. Njiani hutoa madawati shuleni, hupanda miti na kusaidia huduma za afya. Ni kazi njema, na inastahili kuigwa na wanaotaka kujenga nyumba za wasiojiweza. Lakini msafara hukaa siku moja kijijini kisha huondoka. Mgeni anayetaka nyumba aliyoisimamisha idumu na aanze kwa kuwauliza majirani zamu yao ni lini, kisha ajiunge nao.