Zebaki katika samakigamba wa makopo

Zebaki hukutwa katika nyama ya chaza, kome, kaa na kamba wa makopo, kwa kawaida kwa kiasi kidogo. Takwimu za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zinaonyesha wastani wa miligramu 0.012 katika kila kilo ya chaza na 0.065 katika kaa. Jodari mweupe wa kopo hufikia 0.35, na nduaro hukaribia 1.

Tofauti hiyo inatokana na mlo. Bakteria wa kwenye tope la chini ya maji hugeuza zebaki kuwa methilizebaki, sumu ya mishipa ya fahamu inayohama kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayemla. Chaza na kome huchuja vijimea vidogo mno majini. Nduaro hula samaki waliokwisha kula samaki wengine, na huishi miaka mingi akilimbikiza.

Kopo halileti zebaki hiyo wala haliiondoi. Methilizebaki hushikamana na protini ya nyama, kwa hiyo joto la kiwandani linaloua vijidudu haliiharibu, na kuchemsha upya nyumbani ni kazi bure. Usalama huamuliwa na maji alimovuliwa mnyama mwenyewe.

Hilo lilidhihirika kwa uchungu katika Ghuba ya Minamata, Japani. Kuanzia 1932 hadi 1968 kiwanda cha Chisso kilitengeneza asetaldehidi kwa msaada wa zebaki na kumwaga majitaka yake baharini. Wavuvi na jamaa zao waliendelea kula samaki na kome wa hapo. Paka walipatwa na kifafa wakafa. Kisha watoto wakashindwa kutembea na kusema. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, aliripoti wagonjwa wa maradhi yasiyojulikana. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Kumamoto kilitaja zebaki kuwa chanzo, na mwaka huohuo Hosokawa alimlisha paka majitaka ya kiwanda akaona dalili zilezile. Kampuni iliyaficha matokeo hayo. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968, na katika miaka hiyo yote ya kunyamaza walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, wengine wa mama walioonekana wazima.

Kwa sababu hiyo mimba ndiyo kipimo cha tahadhari. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, wameweka ukomo wa mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, yaani 96 kwa mwanamke wa kilo 60. Gramu 100 za kaa wa wastani zina zebaki mikrogramu 6.5 tu. Kome aliyefikia ukomo wa kisheria wa Ulaya, miligramu 0.5 kwa kilo, angekuwa na 50 katika gramu hizohizo. FDA huwaruhusu wajawazito kula chaza, kaa na kamba mara mbili au tatu kwa wiki. Mwili huondoa nusu ya methilizebaki kwa takriban siku 50, kwa hiyo anayetarajia kushika mimba anapaswa kuanza mapema kuwaepuka nduaro na papa.